Pevu si Bivu

Katika lugha yetu, embe likitimiza ukubwa wake huitwa pevu, lakini haliitwi bivu mpaka lilainike na kutia utamu. Kati ya hali hizo mbili zipo siku kadhaa, na mwenye shamba hazihesabu kuwa kasoro ya tunda. Je, binadamu naye twampa siku hizo?

Kijana wa miaka 17 amekwisha kubalehe. Sauti yake imekuwa nzito, na pengine kwa kimo amempita baba yake. Hata hivyo, wataalamu wametuonyesha ya kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutusaidia kupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Hapa Uganda, Katiba ya mwaka 1995 humpa raia haki ya kupiga kura atimizapo miaka 18. Sheria haina budi kuweka mpaka mahali fulani. Lakini hakuna alalaye mtoto akaamka mtu mzima.

Methali hutuasa tumkunje samaki angali mbichi. Ni wasia mwema kwa malezi ya utotoni. Kijana wa umri huu, hata hivyo, ameanza kujikunja na kujikunjua mwenyewe, akilitafuta umbo lake. Ndiyo maana leo hucheka nasi, na kesho hununa pasipo sababu tuionayo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimkabidhi mwanafunzi wa umri huo ufunguo wa kabati la vitabu vya Kiswahili. Katikati ya muhula vitabu vinne havikuonekana. Nikamnyang'anya ufunguo mbele ya wenzake, wala sikumwuliza neno. Baada ya wiki moja vitabu vikarudi: alikuwa amewaazima wenzake waliojiandaa kwa mtihani, akasahau kuandika majina yao. Nilipotaka kumrudishia ufunguo, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, mpe mwingine." Yeye alikosa kwa kusahau; mimi, mtu mzima, nilikosa kwa pupa.

Wapo wasemao kwamba kijana aaminiwe baada ya kuonyesha kuwa anastahili. Naiona hoja hiyo yajizunguka. Ataonyeshaje uaminifu asiyepata kupewa amana? Amana hutangulia, hesabu hufuata. Kumpa bila kumwuliza ni kumtelekeza. Kumwuliza bila kumpa ni kumdumaza.

Basi, ndugu walimu, tuwape vijana wetu kazi zenye uzito, tuwaulize hesabu yake faraghani, na wakikosea tuwape tena. Mwenye shamba halitupi embe pevu kwa kuwa ni gumu; hulivundika, akangoja.