Wimbo wa Maombolezo na Wajibu wa Kukumbuka

Kila inapofika tarehe 21 Mei, redio za huku kwetu Kanda ya Ziwa huzirudia nyimbo za MV Bukoba. Dukani, jikoni, ndani ya daladala ya kwenda Igoma, mtu aliyekuwa akizungumza hunyamaza. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1996 hatuhitaji kuambiwa ni nyimbo za nini. Watoto wetu ndio hutuuliza, na swali lao ni jema: mnanyamaza kwa sababu gani?

Huwa tunawaeleza hivi. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Meli ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua abiria wengine na mizigo, ikasafiri usiku kucha, na ikiwa imekaribia kufika Mwanza ikapinduka. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria wapatao 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina zaidi ya 440, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hata leo tunasema walikufa watu zaidi ya 800, na wengine husema karibu 1,000. Hatuwezi kutaja hesabu kamili ya watu ambao hawakuhesabiwa walipokuwa wanapanda.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Siku zile habari ilitufikia kwa redio. Aliyekuwa na betri nzuri aliiweka redio yake nje, na majirani wakaja kukaa kimya kuizunguka. Nyimbo za starehe zilikoma, zikapigwa za msiba. Baadaye kwaya na bendi zilitunga nyimbo za ajali yenyewe, na kwa nyimbo hizo hata waliokuwa mbali na ziwa walilia pamoja nasi. Mtume Paulo alitufundisha kulia pamoja nao waliao, na mwaka ule redio ilitusaidia kulitii neno hilo.

Basi hatuandiki haya ili kuzidharau nyimbo. Katika usharika wetu yuko mama mmoja ambaye mume wake alikuwa ndani ya meli ile na mwili wake haukupatikana. Wenzake wana makaburi pale Igoma wanakoweza kupanda ua na kufagia majani, naye hana. Aliwahi kutuambia kwamba wimbo ukianza redioni huongeza sauti na kukaa chini, kwa maana hapo ndipo mahali pekee anapoweza kwenda kumtembelea mumewe. Tangu siku hiyo hatujathubutu kusema kwamba wimbo ni wimbo tu.

Lakini mama huyohuyo ndiye aliyetufanya tujiulize kama tunakumbuka kweli. Miaka michache iliyopita kwaya yetu ilialikwa kwenye ibada ya kumbukumbu katika kisiwa kimoja. Tuliimba vizuri, watu wakalia, nasi tukalia. Jioni tulipofika mwaloni kurudi, boti ilikuwa moja na watu walikuwa wengi, tena na magunia ya dagaa. Mwenye boti alisita. Sisi ndio tuliomsihi. Tulisema tusogeane, kesho kuna kazi, Mungu yupo. Yule mama alikuwa ameshaingia. Aliangalia maji yalivyoukaribia ukingo, akachukua mkoba wake, akashuka. “Nendeni wanangu,” alisema, “mimi nitalala hapa.” Baadhi yetu tulicheka kidogo, tukamwona ana hofu ya mjane. Tukaenda.

Tulifika salama. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya usharika tukashuhudia jinsi Bwana alivyotulinda ziwani. Yule mama, aliyekuwa amerudi kesho yake kwa boti nyingine, alikuwa ameketi benchi la tatu. Hakusema neno, na hadi leo hajatulaumu. Ila ushuhuda wetu umetukaa kooni. Asubuhi tuliimba kuhusu watu waliokufa kwa sababu chombo kilijazwa kupita kiasi, na jioni tulikijaza chombo. Kisha uvumilivu wa Mungu tukauita kibali chake.

Hatuko peke yetu. Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, miaka 22 baada ya MV Bukoba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Redio zikapiga tena nyimbo za maombolezo, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na tukaandika tungo mpya. Nyimbo za MV Bukoba tulikuwa tunazijua kwa moyo. Kushuka kwenye chombo kilichojaa hatukuwa tumejifunza.

Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia kusema, “Ni mapenzi ya Mungu.” Neno hilo lina mahali pake penye faraja, akilisema aliyefiwa mwenyewe huku amepiga magoti. Likisemwa na aliyejaza boti, linakuwa kificho. Bwana Yesu mwenyewe aliutaja msiba wa namna hii. Watu 18 walikuwa wameangukiwa na mnara huko Siloamu. Alikataa kusema kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakumtukana marehemu hata mmoja. Aliwageukia walio hai, akawaambia watubu. Hivyo swali la msiba likawarudia wasikilizaji: ninyi mliobaki, mtaishije?

Na kutubu ni kugeuka, ni zaidi ya kuhuzunika. Tukisoma Maandiko tunaona kwamba Mungu anapokumbuka, hutenda. Alimkumbuka Nuhu, akavumisha upepo, maji yakapungua. Alimkumbuka Hana, naye akapata mtoto. Alilikumbuka agano lake na Ibrahimu, akamtuma Musa kwa Farao. Hatusomi mahali Mungu anakumbuka kisha anaacha mambo yalivyo. Sisi kukumbuka kwetu mara nyingi huishia kwenye machozi, na wimbo ukiisha tunabadilisha stesheni.

Kuna atakayesema kwamba maskini hana la kuchagua. Ni kweli, na tusilipite haraka. Mtu wa kisiwani mwenye mgonjwa wa kuwahisha hospitali, huku boti ikiwa moja kwa siku, hawezi kuhubiriwa kuhusu kushuka. Dhambi hapo ni ya wale wanaopaswa kumpatia chombo salama, na kanisa lisione aibu kuwaambia. Lakini sisi jioni ile hatukuwa na mgonjwa. Tulikuwa na haraka tu. Mwenye uwezo wa kuchagua akichagua vibaya, humwachia asiye na uwezo hatari iliyo kubwa zaidi, maana nafasi tuliyoing’ang’ania labda ilikuwa ya mtu asiyeweza kungoja.

Walioshuhudia mwaka 1996 husimulia kwamba meli ilipokuwa imelala kifudifudi, wale walionaswa ndani walisikika wakigonga chuma. Tundu lilitobolewa ili kuwaokoa, hewa iliyokuwa imebaki ikatoka, na meli ikazama. Tunapousikiliza wimbo, tuikumbuke na sauti ile. Waliogonga hawakuwa wanaomba kuimbiwa. Walitaka mtu wa nje awafikie.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo machache katika kwaya yetu, nayo ni madogo. Safari yoyote ya majini, majina ya wote yanaandikwa kabla ya kupanda, na nakala inaachwa nchi kavu, ili asiwepo tena mtu wa daraja la tatu asiye na jina. Boti ikijaa tunalala, na anayelala hachekwi. Watoto wanaambiwa habari yote, pamoja na jinsi sisi tulivyomsihi yule mwenye boti. Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe Yordani ili watoto wakiuliza, wazazi wawe na jibu. Nyimbo za redioni ni mawe yetu. Jibu tunapaswa kulitoa sisi, na mtoto ataliamini zaidi akituona tunashuka.

Mwaka huu pia wimbo utapigwa. Tutanyamaza na tutalia, na yule mama ataongeza sauti ya redio yake. Bwana na atukumbuke sisi tulio hai kama alivyomkumbuka Nuhu, atupe machozi ya kweli, kisha atupe miguu ya kushuka. Amina.