Nani Kalimaliza Gogo?

Nyumbani kwetu Nyamahanga, Ngara, babu hakupenda kupasua kuni. Aliweka gogo zima motoni, ncha yake ikaingia kati ya mafiga, lililobaki likalala kuelekea mlangoni. Ncha ilipoungua, alilisukuma kidogo kwa kisigino bila hata kukatiza hadithi. Sisi watoto tulilikalia lile gogo kama benchi, na hakuna aliyeliona likipungua. Hadi jioni moja kitinda mimba wetu alipokuja kukaa, akakuta moto umefika mahali pake.

Babu akacheka. “Bandu bandu huisha gogo,” akasema. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mkubwa: “Haya, nani kalimaliza?”

Sikuwa na jibu. Maharage yaliyoivishwa na moto ule tulikuwa tumekula wote.

Swali lile limenirudia uzeeni kwa sababu ya mlima ambao kutoka kwetu hauonekani. Rwenzori uko zaidi ya kilomita 300 kaskazini, mpakani mwa Uganda na Kongo. Wakonzo wa miteremko yake huiita theluji nzururu, na katika imani yao ya asili Kitasamba, mungu wao, makao yake ni huko juu kwenye weupe. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda na watu wake wakachora ramani, barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 6. Mwaka 1987 zilibaki kama 2. Mwaka 2003 ilikuwa kama kilomita moja ya mraba tu, na tangu hapo imezidi kupungua. Wakonzo wanaulizana: nzururu ikiisha, Kitasamba atakaa wapi?

Na Kilimanjaro, fahari yetu Watanzania, haukusalimika. Mwaka 1912 ulikuwa na barafu ya kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 hazikutimia 2. Shirika la UNESCO limekwisha kuonya kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo katika urithi wa dunia huenda zikatoweka kabisa ifikapo mwaka 2050. Kitinda mimba wa leo, akiwa mtu mzima, atakuja kukaa akute mahali pake pameungua.

Nani kalimaliza? Dunia imepata joto kwa moshi wa viwanda, magari na mitambo ya makaa ya mawe, na sehemu kubwa ya moshi huo haikutoka kwetu. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia. Babu zetu walipotunga ile methali, mwenye shoka na mwenye gogo walikuwa wa ua mmoja, na anayebandua aliona mwenyewe gogo likiisha. Siku hizi anayebandua yuko ng’ambo ya bahari, na anayebaki bila gogo ni Mkonzo asiyewahi kumiliki hata pikipiki. Huo ni udhalimu, na tuuite kwa jina lake.

Lakini mtu asiifanye lawama kuwa mto wa kulalia. Wana wa Ngara tuna kumbukumbu yetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja wakikimbia vita vya Rwanda. Benaco, walikopiga kambi, ikageuka mji usiku mmoja, na kila hema lilihitaji moto. Kwanza kuni ziliokotwa jirani. Kisha zikafuatwa mbali, na mbali zaidi, mpaka vilima vikabaki vipara. Hakuna aliyekusudia kuumaliza msitu. Mama aliyekata tawi alitaka maharage yaive, watoto walale. Nasi wenyeji mashoka yetu hayakuwa yamelala darini. Kila mmoja alikata kuni zake tu, na kilima kikaisha. Barafu nayo inaisha hivyohivyo, bila mtu mmoja wa kumfikisha barazani.

Tena, wataalamu waliochunguza Kilimanjaro wanatuambia jambo linalopaswa kutukosesha usingizi. Barafu ya kule haikuyeyuka kwa joto peke yake. Hewa ilikauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikawa haba, na barafu bila blanketi lake ikaliwa na jua. Na maji mengi ya mito ya mlima ule hayatoki kwenye barafu. Yanatokana na mvua, na ukungu unaonaswa na majani ya msitu, ukadondoka tone kwa tone hadi ardhini. Barafu ni mvi za mlima, zinatuonyesha hali yake. Kinachotunywesha ni msitu, na msitu uko ndani ya urefu wa mkono wetu, sisi wenye panga na kiberiti.

Usiseme Rwenzori ni wa wenyewe. Maji ya mto wetu Ruvubu huingia Kagera, Kagera ikaporomoka Rusumo, ikazunguka hadi Ziwa Viktoria, ikatokea Jinja kwa jina la Nile, mpaka Ziwa Albert. Humo ndimo yanamokutana na maji ya Rwenzori yaliyoletwa na mto Semliki. Kijito cha bondeni kwako na theluji ya Wakonzo vinaishia chungu kimoja.

Basi, wajukuu wangu, barafu hatutairudisha. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima. Kesho asubuhi shuka bondeni, uzihesabu kuanzia ukingoni. Ukikuta mahindi yako yamefika huko, yang’oe mwenyewe upande miti ya asili, kabla mjukuu wako hajakuuliza lile swali la babu.