Nani Aliichelewesha Boti?

Hadithi ya kisayansi ikishataja mwaka imejitega yenyewe, maana kalenda haisubiri mtu. Mwaka 1967 mfululizo wa Star Trek ulitusimulia kwamba katika miaka ya 1990 dunia ingeingia kwenye vita vya binadamu waliotengenezwa maabara, wakiongozwa na mtu anayeitwa Khan. Miaka ya 1990 ikaja, ikapita. Sisi huku Kyela tulikuwa tunavuna mpunga, Khan hatukumwona.

Ungedhani waandishi wangeacha tu. George Orwell alikufa mwaka 1950, mwaka 1984 ukafika ukaondoka, na kitabu chake hakuna aliyekibadilisha jina. Lakini Star Trek bado inaendelea kutungwa, na dai lake ni kwamba kesho yake inatokana na leo hii hii yetu. Kama miaka yetu ya 1990 haifanani na yake, basi ile si kesho yetu tena, ni ya watu wengine. Ndiyo maana mwaka 2023, katika Strange New Worlds, walitoa maelezo: kuna wasafiri wa wakati waliovuruga historia, kwa hiyo mambo yaliyopaswa kutokea mwaka 1992 yamechelewa. Wapo mashabiki waliocheka. Mimi nadhani ni jambo la uungwana kuliko linavyoonekana, na nitaeleza kwa nini.

Nina rafiki, mwalimu wa sekondari upande wa Ipinda, ambaye miaka zaidi ya kumi iliyopita aliandika hadithi fupi inayotokea Ikombe mwaka 2025. Kwa msiopajua, Ikombe ni kijiji cha Wakisi wafinyanzi, chini ya milima ya Livingstone, mahali mlima unaposhuka moja kwa moja ziwani. Vyungu vyao huletwa kwa mitumbwi hadi mnada wa Jumamosi pale Lyulilo, karibu na Matema. Katika hadithi ya mwalimu, mama mjamzito anashikwa na uchungu usiku, upepo wa kusini umechafua ziwa, na badala ya kusubiri wapiga kasia inakuja boti ya wagonjwa inayotumia umeme wa jua. Dakika ishirini, wapo Matema. Mtoto anazaliwa salama, anapewa jina la ile boti. Basi, hadithi nzima ndiyo hiyo. Haina hata mhusika mbaya.

Juzi kapata nafasi ya kuichapisha, akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, niusogeze mwaka uwe 2075? Boti yenyewe haijaja, wanafunzi watanicheka."

Nikamwambia asiusogeze. Akapiga simu, tukabishana karibu saa nzima. Hoja yake ilikuwa nzito: msomaji wa miaka kumi na saba anataka kesho anayoweza kuiamini, na tarehe iliyochacha inamtoa nje ya hadithi kabla hajakutana na yule mama. "Mimi siandiki ripoti ya CAG," akaniambia. Kweli, haandiki. Ila nilimuuliza 2025 aliutoa wapi, maana hakuuokota njiani. Ulikuwa umeandikwa kwenye Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, na sisi wote tulikua tukiusikia redioni na kwenye hotuba hadi ukageuka kuwa jina la mahali, kama vile Mbeya. Khan hakumwahidi mtu chochote. Ile boti ya mwalimu iliazima tarehe yake kwenye ahadi ya kweli.

Na kusogeza tarehe si jambo geni kwetu. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila kaya ya kijijini ipate maji safi ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ulipofika ikatoka Sera ya Maji, mita zikabaki 400, mwaka ukawa 2002. Hebu linganisha na Star Trek. Wale angalau walitaja mwaka wa zamani kwa jina, wakasema mambo yamechelewa, wakamtaja na aliyechelewesha. Sisi mwaka unahama kimya kimya, hata msafiri mmoja wa wakati wa kumsingizia hakuna!

Wakulima wa bonde la Songwe wanalielewa hili bila kusoma hadithi yoyote. Mto ule ni mpaka wetu na Malawi, na mafuriko huuhamisha mkondo, mtu akaamka shamba lake liko ng'ambo. Nchi mbili zina mpango wa pamoja wa kuutuliza. Lakini mwenye shamba anachoshikilia ni kumbukumbu ya pale maji yalipokuwa yanapita zamani. Ukimfutia hiyo, hana cha kudai.

Naweza kuambiwa kwamba njia salama ni kutotaja mwaka kabisa. Fasihi yetu imeipenda njia hiyo. Katama Mkangi katika Walenisi (1995) anamrusha Dzombo kwa chombo hadi nchi ambayo jina lake tu linakuambia wale ni sisi. Kezilahabi katika Nagona (1990) anatutembeza mahali pasipo na kalenda. Ni vitabu vikubwa, na kwa waandishi walioishi chini ya serikali za chama kimoja sishangai wakiuficha mwaka. Havitachacha kamwe. Ila havitaweza pia kumshika mtu shati na kumwambia, wewe ulisema lini? Hapo ndipo naona pengo kwenye hadithi zetu za kesho.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwalimu ulikuwa huu: aache 2025 ilivyo, na kama ni lazima ahamie 2075, basi aandike hadithi ya pili ya nani aliichelewesha boti. Fedha zilikwenda wapi, fundi gani hakulipwa, na yule mama alivuka vipi usiku ule. Akajibu "ndaga" moja kavu, ile asante ya mtu asiyekubaliana nawe. Nasikia ameichapisha bila mwaka.

Sasa tuna Dira 2050. Nikijaliwa nitakuwa na miaka sitini na kitu. Nimeanza hadithi yangu mwenyewe, Lyulilo, Jumamosi ya Julai 2050, na mwaka nimeuandika kwa tarakimu kwenye mstari wa kwanza. Mtumbwi wa vyungu unakaribia ufukweni. Sijaamua bado kama una injini.