Aliuza Jumatano, Harusi Ilikuwa Jumamosi

Mpiga picha wa kisa hiki tumwite Fundi. Si mtu mmoja. Nimemuunga kutokana na mikasa ambayo wapiga picha wa harusi wa Dar es Salaam husimuliana wakisubiri maharusi watoke saluni. Aliuza Nikon D4 yake siku ya Jumatano, na Jumamosi ileile alikuwa na harusi.

D4 ilitangazwa Januari 2012 kwa bei ya takriban dola 6,000 bila lenzi. Ilikusudiwa watu wa magazeti na wa viwanjani, wanaopiga picha mvua ikinyesha na vumbi likitimka, na shata yake ilijaribiwa kiwandani hadi mibonyezo 400,000. Fundi aliinunua ikiwa mtumba, nusu ya maisha hayo ikiwa imeshaliwa, na bado ikamjengea jina. Tatizo lake lilikuwa makelele. Ndani ya kamera za aina hii mna kioo kinachoruka juu kila unapobonyeza ili mwanga uifikie sensa, na kioo cha D4 hufanya hivyo kwa kishindo. Kanisani padri alishamkata jicho zaidi ya mara moja katikati ya viapo. Wateja nao walikuwa na lao. Kabla ya kulipa advansi, bibi harusi wa siku hizi anauliza, "Kaka, unatumia mirolesi?"

Ndipo Fundi akaenda Kariakoo na kuiona Z6, moja ya kamera mbili zisizo na kioo, hizo mirolesi, ambazo Nikon iliziingiza sokoni mwaka 2018. Muuzaji aliiweka Z6 sambamba na D4 juu ya meza, na kwa kweli hapakuwa na mashindano. Z6 ina megapikseli 24.5, D4 ina 16.2. Z6 na betri na kadi yake ina gramu 675, yaani nusu ya uzito wa D4. D4 ina nukta 51 za fokasi zilizosongamana katikati ya fremu, Z6 ina 273 zilizotapakaa karibu fremu nzima, na tangu sasisho la programu la 2019 inaweza kulifuata jicho la mtu. Sensa yake inatulizwa dhidi ya mtikisiko wa mkono. Video ni 4K. Na ukichungulia kwenye kidirisha chake unaiona picha jinsi itakavyotoka, na giza lake au mng'ao wake, kabla hujabonyeza.

Muuzaji hakudanganya hata neno moja. Nasisitiza hili kwa sababu visa vya aina hii huwa tunapenda kuwe na tapeli, na hapa hakuwepo. Fundi hata lenzi yake aliijaribu palepale: alifunga 24-70 kwenye FTZ, adapta inayoziunganisha lenzi za zamani za Nikon na Z6, akaielekeza kwa msichana wa kaunta, fokasi ikanasa jicho papo hapo. Akatoa D4, akaongeza pesa, akaondoka na Z6, adapta, betri mbili na kadi moja.

Jioni alipita kwa mzee aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia umeuza."

"Nimeuza, mzee. Kwa megapikseli 16, tutashindana na nani?"

"Albamu zako unachapa ukubwa gani?"

"Inchi 12 kwa 12, mzee."

"Hizo 16 zinatosha hadi inchi 16 upande mrefu, na uchapaji safi kabisa. Haya, hiyo mpya umeshaifanyia kazi?"

"Nimeijaribu dukani."

"Dukani hakuna bibi harusi, mwanangu."

Fundi alicheka. Wazee wa filamu wana maneno.

Jumamosi, kanisani Kijitonyama, alisimama nyuma kama kawaida yake na kuchomoa 80-200, lenzi ndefu iliyomlisha miaka yote. Ni ile ya zamani yenye herufi D. Akaifunga kwenye adapta, akabonyeza nusu. Kimya. Fokasi haikutikisika.

Nikon ilianza na mdomo wa lenzi uitwao F mwaka 1959 na ikaung'ang'ania kwa miongo sita, jambo ambalo wenye Nikon hujivunia mbele ya wenye Canon. Lakini kufunga lenzi ni jambo moja, na kuiendesha ni jingine. Lenzi za AF-S, kama ile 24-70, zina mota zao ndani. Lenzi za AF-D hazina: huzungushwa na kijibisibisi kidogo kinachochomoza kwenye mdomo wa kamera, na mota yenyewe imo kwenye mwili wa kamera. D4 inayo. Z6 haina, na FTZ haina. Adapta hiyo kazi yake kubwa ni kujaza pengo la milimita 30.5, kwa kuwa lenzi za F zinahitaji kukaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa, na mdomo mpya wa Z uko milimita 16 tu. Kwa hiyo 80-200 ilikuwa imebaki lenzi ya kufokasi kwa mkono. Kwa jengo au mlima, hakuna shida. Kwa bibi harusi anayetembea kuja kwako huku baba yake akijifuta machozi, utabahatisha. Habari hii imeandikwa waziwazi katika maelezo ya adapta. Fundi alijaribu lenzi moja, akadhani amejaribu zote.

Akarudi kwenye 24-70, akalazimika kusogea mbele karibu na altare. Akakumbuka jicho la padri. Basi akaingia kwenye menyu na kuwasha upigaji wa kimya. Hapa ndipo mimi hushika kichwa, maana hakuuhitaji. Shata ya kawaida ya Z6, kwa kuwa haina kioo cha kurusha, ni tulivu kuliko D4 kiasi kwamba padri asingegeuka. Lakini kimya kabisa kina raha yake, na Fundi alipiga viapo vyote, pete na busu bila mlio wowote. Alishangaa kidogo flashi ilipogoma kuwaka, akasema moyoni ni bora hivyo.

Flashi haikuharibika. Z6 ikiwa katika hali ya kimya haiwashi flashi kabisa. Na shata ya kielektroniki ya sensa ya namna ile haiisomi picha yote kwa wakati mmoja. Inaisoma mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na taa za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho la mtu kuona. Fundi alikuwa kwenye kasi ya 1/320. Mistari mingine ilisomwa taa ikiwa juu, mingine ikiwa imefifia. Matokeo yake ni mapande ya giza na mwanga yanayokata picha kwa upana, moja likipita kwenye paji la uso la bwana harusi, jingine kwenye gauni. Kwenye kidirisha kidogo, kwa haraka ile, hakuyaona. Angeshusha kasi hadi 1/100 au 1/50, sehemu kubwa ya balaa ingeondoka, maana hapo kila mstari unakula mpepeso mzima. Au angeiacha shata ya kawaida ifanye kazi yake.

Yaliyofuata ufukweni Coco na ukumbini Sinza nitayapita haraka. Betri: kwa kipimo cha kimataifa cha CIPA, D4 hupiga picha 2,600 kwa chaji moja, na Z6 hupiga takriban 310 ukitumia kidirisha. Harusini mtu hupata zaidi ya hizo, kwa sababu kipimo kile ni kikali, lakini Fundi alikuwa na mazoea ya kuiacha kamera ikiwaka begani siku nzima. Kwa D4 si neno, kidirisha chake ni kioo na mwanga tu, hakili umeme. Kwenye Z6 sensa na skrini hufanya kazi muda wote kamera ikiwa macho, na Fundi alikuwa amerefusha muda wa kulala ili asiisubiri. Betri ya pili ilikata wakati wa kuingia ukumbini. Akachomeka pawabenki, na kamera hiyo huchaji kwa waya ikiwa imezimwa, basi akawa anachaji wakati wa hotuba na kupiga wakati wa vigelegele. Kadi nayo ikajaa keki ikikatwa. Begi lilikuwa limejaa kadi za CF za D4, na Z6 ina tundu moja tu, la XQD. Saa nne ya usiku, Jumamosi, XQD utaipata wapi Sinza?

Mama wa bibi harusi alipofungua picha aliuliza swali moja. "Mwanangu, hii mistari usoni kwa mkwe wangu ni nini?" Fundi alirudisha nusu ya malipo, na kamati ya harusi iliyofuata katika ukoo ule ikamtafuta mtu mwingine.

Watu wakimaliza kusimulia kisa hiki hugawanyika: wa kamera za kioo husema tuliwaambia, wa mirolesi husema hakuwa fundi. Wote wanakosea. Shirika la habari la Associated Press lilipohama mwaka 2020 kwenda kamera za Sony zisizo na kioo, lilichukua na lenzi za Sony pia. Fundi alihama kama mtu aliyebeba kitanda akaacha godoro. Na zile takwimu za mezani Kariakoo hazikuwa na safu ya lenzi anazomiliki, taa za kanisa lake wala saa za sherehe ya Kitanzania, ambayo huanza alfajiri kwenye vipodozi na kwisha MC akiwa amekauka koo.

Kwa anayepima leo, hukumu yangu ni hii. Z6 II iliyotoka mwishoni mwa 2020 ina matundu mawili, moja la XQD au CFexpress na jingine la SD inayouzwa kila mtaa, na kwa harusi naichukua mbele ya D4 bila kusita, mradi lenzi zako ni AF-S na una betri nne. Ikodi kwanza, ifanyie sherehe moja nzima, D4 ikiwa begani. Lakini kama riziki yako iko kwenye lenzi za AF-D, jua kwamba hata FTZ II ya mwaka 2021 haina mota. Baki na D4 mpaka uwe na pesa ya lenzi, ndipo uulize bei ya kamera.