Kumuuzia Mtu Kutojua Kwake

"Gari safi sana. Haijawahi kugonga. Mwenyewe ni mama, ameendea ofisini na kanisani tu. Kilomita 78,000 halisi. Nunua, washa, ondoka. Bei inazungumzika kidogo."

Kila mwenye simu Kenya amelisoma tangazo hili, hata asiye na hela ya baiskeli. Pamoja nalo huja picha ishirini. Picha zote ni za kweli, hakuna aliyezihariri. Ila aliyezipiga alilizunguka gari lote, na alijua fika asisimame wapi. Ukihesabu vizuri utaona mlango wa nyuma wa kushoto haumo hata kwa picha moja.

Swali langu ndilo hilo. Mtu ambaye hajatamka neno moja la uongo, anaweza kuwa mwongo?

Huko Marekani mchezo huu umekomaa kwenye minada ya mtandaoni ya yale magari ya misuli ya miaka ya 1960, yenye injini kubwa kuliko akili. Chukua Chevrolet Chevelle SS 396. Kuanzia 1966 hadi 1968, namba ya gari la SS huanza na 138. Ukichukua Chevelle ya kawaida ukabandika nembo za SS na kubadilisha boneti, namba itakusuta. Lakini mwaka 1969 SS ikawa kifurushi cha kuongezea tu, namba ikaacha kusema, na wajanja wakapata uwanja. Gari la kawaida linavalishwa nguo za kaka yake na kuuzwa kwa bei ya kaka yake.

Sisi gari letu la misuli ni Subaru. Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000, hilo gari si chombo cha usafiri tena, ni dini ya vijana. Na penye dini hapakosi manabii wa uongo. Nembo ya STI inanunuliwa dukani kama stika. Boneti yenye tundu inapatikana, spoila inapatikana, viti vyekundu vinapatikana. Kisichopatikana ni namba ya chesisi. Kwa sedani za kizazi cha pili zilizouzwa Japani, STI huanza na GDB, WRX ya kawaida ni GDA, na STI ile ina gia sita. Ukiona nembo ya STI juu ya GDA, hapo unatazama mtu aliyevaa kombati za jeshi na hajawahi kufika kambini.

Maarifa ya namna hii yapo mengi na si siri. Gari linaloandikwa kilomita 78,000 halafu pedali ya breki imeliwa mpaka chuma, usukani unang'aa kama sahani, lina maswali ya kujibu. Sumaku haishiki mahali penye filla nene. Rangi iliyorukia raba ya dirisha inakwambia mlango ulipakwa upya. Gari lililotoka minada ya Japani lina karatasi yake ya ukaguzi: daraja 4.5 au 4 ni zuri, R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa, na kwenye mchoro wa bodi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Upekuzi kwenye mtandao wa NTSA utakuonyesha gari ni la nani, na kama benki nayo imeandikwa humo. Jifunze haya yote. Sina ugomvi na kujifunza.

Ugomvi wangu ni kile tulichokifanya na maarifa haya. Tumeyageuza kuwa maadili. Mtu akiuziwa mbuzi kwenye gunia, cha kwanza tunachomuuliza si nani alimfanyia hivyo. Tunamuuliza, "Kwani hukuenda na fundi?" Halafu tunacheka. Aliyedanganywa anakuwa mshamba, aliyedanganya anakuwa mjanja wa mjini, na kesho tunampigia atutafutie gari.

Hebu mfikirie mnunuzi aliye Mariakani. Gari liko Nairobi, zaidi ya kilomita 400. Kwenda kuliona ni nauli, siku mbili za kazi, na fundi wa kuaminika ambaye hamjui. Ni mwalimu aliyechukua mkopo wa sako, au kijana ambaye nyumbani wameuza ng'ombe ili awe na gari la kubebea abiria kwenda Kaloleni. Mwenye pesa anaagiza ukaguzi kwa simu moja. Kwa hiyo tunaposema "mnunuzi ajihadhari", tunachosema kwa kweli ni kwamba ukweli ni bidhaa, na maskini ainunue kando, juu ya bei ya gari.

Swali hili ni kongwe kuliko injini. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika juu ya mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater. Mfanyabiashara anafika Rhodes na meli ya nafaka wakati wa njaa. Anajua meli nyingine ziko njiani na bei itaanguka. Je, awaambie watu au auze kimya kimya? Halafu kuna mtu anayeuza nyumba iliyooza mbao, yenye wadudu vyumbani, na ni yeye tu anayejua. Diogenes alisema muuzaji ataje kasoro zile tu ambazo sheria inamlazimisha. Kunyamaza si kuficha. Antipater alisema hapana, mnunuzi asibaki bila kujua jambo ambalo muuzaji analijua. Cicero akamwunga mkono Antipater.

Pwani hatukuhitaji kumngoja Cicero. Kila aliyepita madrasa amesikia hadithi ya Mtume sokoni: alitia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikatoka na unyevu, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Angalia alichouliza. Hakumwuliza kwa nini nafaka imelowa. Mvua ni mvua. Alimwuliza kwa nini imekaa chini.

Mimi kwenye ile meli ya Rhodes bado nasitasita. Habari za meli nyingine ziko nje ya nafaka, na mtu anayehangaika kutafuta habari za soko ana haki ya kufaidi kidogo. Lakini unyevu uko ndani ya kitu chenyewe. Kipimo changu ni hiki: je, ungepata bei ile ile kama mnunuzi angejua unachokijua? Kama jibu ni hapana, ile tofauti ya bei hukuuzia gari. Umeuza kutojua kwake, na amekulipa pesa zake kwa kitu alichokuwa nacho tayari.

Najua broka atanijibu nini. "Mimi sijamficha mtu. Gari liko hapa, aje na fundi wake. Na yeye pia ananidanganya, ananiambia hana pesa kumbe anazo. Isitoshe, nina watoto." Haya si maneno ya kupuuza. Ni kweli mnunuzi hudanganya kwenye bei. Lakini uongo wa bei wote wawili wanaujua ni mchezo, na hauwezi kumuua mtu. Kilomita 240,000 zilizorudishwa kuwa 78,000 kwa kompyuta ya fundi si mchezo. Ni breki zinazodhaniwa mpya, mshipi wa injini unaodhaniwa una miaka mbele yake, kwenye barabara hii yetu ya Mombasa kwenda Nairobi tunayopishana na malori usiku kucha.

Na hapo hapo Mariakani kuna mizani ya malori. Mizani haimwulizi dereva amebeba tani ngapi, wala haimwambii kijana wa bodaboda ajihadhari na lori lililozidi uzito. Watu walikubali kwamba baadhi ya kweli ni nzito mno kuachiwa ujanja wa kila mtu binafsi. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, iliyoigwa kwa Waingereza, ilimwachia mnunuzi macho yake. Lakini kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya habari, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu hata kuficha jambo la maana kuwa udanganyifu wa kibiashara. Kwa karatasi, Antipater ameshinda. Sokoni bado anatawala Diogenes.

Hasara yake haimwangukii mnunuzi peke yake. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza jambo ambalo kila mwenye gari zuri amelionja. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anaonewa, anajiondoa. Sokoni yanabaki mabovu, na bei inazidi kushuka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni kibaya kinajitembeza kwa picha ishirini, na kizuri kinakaa nyumbani kwa aibu ya bei kinayotajiwa. Yule mama wa kanisani yupo kweli mahali fulani, na gari lake halijaguswa. Hakuna atakayemwamini, kwa sababu maneno yake yameshatumiwa na wengine wote.

Kwa hiyo kwa anayeuza, nina ombi dogo. Picha ya kwanza iwe ya ule mlango wa kushoto. Andika, "Liligongwa hapa, likatengenezwa, bei nimeipunguza kwa sababu hiyo." Utawapoteza wapigaji simu kumi. Atakayebaki ananunua gari.

Na kwako wewe unayejua kusoma namba ya chesisi, lako ni gumu zaidi. Umeiona GDA yenye nembo ya STI, umetabasamu, umeenda zako. Lakini unajua kuna kijana wa sako anayekuja nyuma yako kesho asubuhi. Kimya chako hakikuingizii chochote, na hapo ndipo tofauti yako na broka inapoishia. Kutuma ujumbe mmoja wa kumwambia muuzaji abadilishe tangazo, au kumwambia anayeulizia kwamba aangalie namba, ni kazi ya dakika mbili. Wengi wetu hatuifanyi kwa sababu tunaona si gari letu.