Kukubaliwa na Kupokelewa

Yako maswali ambayo watu huyapita kwa sababu yanaonekana madogo, kumbe yamebeba haki ya mtu nzima. Mojawapo ni hili: chuo kikimkubali mwanafunzi, kikapokea ada yake, kisha kikampa vitabu asivyoweza kuvisoma, je, kimemtendea haki? Naomba msomaji tulitazame swali hili pamoja bila haraka. Mzee aliyestaafu hana mali nyingi, lakini wakati anao.

Aliyenitia katika fikra hizi ni mwalimu kijana asiyeona, ambaye zamani alisoma katika chuo cha ualimu nilichokiongoza. Sasa anafundisha shule ya msingi. Alitaka kusomea shahada bila kuacha kazi, kwani mshahara wake ndio unaowasomesha wadogo zake wawili, hivyo akaamua kusoma kwa njia ya intaneti. Alikuwa amekwisha kukubaliwa na vyuo vikuu vitatu, na ukoo wake ulikuwa umechanga ada ya mwaka wa kwanza, ada ambayo ikilipwa hairudishwi. Wajomba walitaka achague chuo chenye jina kubwa. Yeye alikuja kwangu, akanisalimu, akaniuliza, "Mwalimu, nitajuaje kipi kitanisomesha kweli?" Hakuuliza kipi kitamkubali, maana vyote vilikuwa vimemkubali.

Elimu ya masafa si jambo la jana. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu waliosoma mbali nacho. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa 1969, kikapata wanafunzi wake wa kwanza 1971, na sisi Tanzania tukapata Chuo Kikuu Huria chetu kwa sheria ya Bunge ya 1992. Vyuo vya namna hii vimemfikia mfanyakazi, mama mwenye watoto wachanga, hata mfungwa gerezani. Lakini kwa asiyeona, bahasha iliyoletwa na posta ilikuwa karatasi tupu mpaka apatikane mtu wa kumsomea.

Kompyuta ndiyo iliyobadili hali hiyo. Kuna programu zinazoitwa visoma skrini, ambazo hutamka kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, au huyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu yakasomwa kwa vidole. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia asiyeona, nayo hutolewa bure. Hata hivyo, programu hizo zinahitaji maandishi halisi. Ukurasa wa kitabu uliopigwa picha tu na kutiwa katika kompyuta, kwazo ni picha, nazo mara nyingi hunyamaza. Kitufe kisichopewa jina hutamkwa "kitufe" na basi, bila kujulikana kama ni cha kutuma au cha kufuta. Mchoro usioelezwa kwa maneno ni sawa na haupo. Kwa hiyo chuo kinaweza kuwa wazi kwa wote katika tangazo lake, na bado kikawa kimefungwa kwa asiyeona katika kila ukurasa.

Nilimshauri aache vipeperushi, aijaribu milango yenyewe. Tulifanya kazi hiyo kwa siku nne. Yeye alikuwa kwenye kibodi, nami nilimwazima macho pale tu alipokwama, nikiandika idadi ya mara nilizohitajika.

Chuo cha kwanza, kile chenye jina, kilimtaka athibitishe kwamba yeye ni mtu wala si mashine, kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani. Mwalimu wa watoto sitini akashindwa kuuthibitisha utu wake kwa sababu haoni taa! Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Mitihani ya chuo hicho husimamiwa na kamera inayofuata macho ya mtahiniwa, na macho yanayotangatanga huhesabiwa kuwa dalili ya udanganyifu. Alipoandika kuuliza macho yake yatahesabiwaje, alijibiwa kwamba chuo kinawathamini wanafunzi wote.

Chuo cha pili kilikuwa na fomu nzuri, akaijaza peke yake. Lakini karibu nusu ya makala za kusoma zilikuwa picha za kurasa. Ofisi yao iliahidi kuzigeuza kuwa maandishi wiki tatu baada ya kuombwa. Kazi za kuandika zilitakiwa kila baada ya wiki mbili. Msomaji apige hesabu mwenyewe.

Chuo cha tatu, kidogo kuliko vyote, kilimjibu kupitia mtu mwenye jina na namba ya simu. Mtu huyo alieleza kwamba masomo yote ya mwaka wa kwanza yamejaribiwa kwa kisoma skrini, na kwamba mtihani wa asiyeona husimamiwa na binadamu na huongezwa muda. Akaongeza kwamba michoro ya somo la takwimu bado haijaelezwa kwa maneno, akamshauri aliache somo hilo hadi mwaka wa pili, wakati itakapokuwa tayari. Kijana akaomba ahadi hiyo kwa maandishi, akapewa.

Nilipomsimulia habari hizi rafiki yangu mmoja, mhasibu mstaafu, aliniuliza swali ambalo sitaki kulidharau: je, ni haki chuo chenye maelfu ya wanafunzi kigharimike kwa ajili ya mmoja? Mimi nimeongoza chuo. Nimegawa chaki na mafuta ya taa, najua kwamba fungu la fedha halitanuki kwa maneno matamu. Rafiki yangu alinikumbusha pia habari za Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikiambia kwamba mihadhara kilichoitoa bure kwenye intaneti haikuwafikia viziwi na wasioona. Mwaka 2017 chuo hicho kikaondoa hadharani mihadhara zaidi ya 20,000. "Unaona?" akasema rafiki yangu. "Haki ya wachache imewanyima wengi."

Mimi naona vingine. Kanuni za kimataifa za kutengeneza kurasa zinazosomeka na watu wote zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1999. Anayeandika maelezo ya mchoro siku anapouchora hutumia dakika chache. Anayesubiri mpaka michoro iwe maelfu hukuta deni kubwa, naye hulitaja deni hilo kana kwamba limeletwa na kipofu. Samaki mkunje angali mbichi. Tena hata sheria za vitabu zimekwisha kulegezwa: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017 na Tanzania 2020, unaruhusu kitabu kigeuzwe katika umbo linalosomeka na asiyeona bila kungoja ruhusa ya mwenye haki. Kwa hiyo chuo maskini kinachosema "hatuna" nakisikiliza, lakini kinachosema "hatukufikiri" kina deni la kulipa.

Liko shaka jingine, nalo lilikuwa langu mwenyewe. Je, kumwambia asiyeona asome nyumbani si namna ya adabu ya kumwondoa machoni petu? Katika chuo chetu, wanafunzi wanaoona walijifunza mengi kwa kuishi bweni moja na wasioona. Kijana atakayekuwa afisa elimu kesho, asipokaa dawati moja na asiyeona leo, atamkumbuka vipi atakapogawa vitabu? Nilimweleza shaka hiyo. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, darasani nilikuwa nangoja mtu apate nafasi anisomee. Akichoka, na mimi nimechoka. Akisafiri, na masomo yamesafiri. Sasa nasoma saa nane za usiku bila kumwamsha mtu. Wenzangu watajifunza kwa nani, hilo mniachie nisilibebe mimi."

Jibu hilo lilinikalia moyoni. Ni kweli kwamba jamii inamhitaji asiyeona awe miongoni mwake, lakini si haki kumfanya yeye kuwa kifaa cha kufundishia wengine huku masomo yake yakilala. Hata hivyo shaka yangu haikuisha yote. Kusoma nyumbani ni uhuru kwa yule ambaye angeweza pia kwenda chuoni. Mahali ambapo mlango wa chuo umefungwa na kumebaki intaneti tu, hatuwezi kusema kwamba mtu huyo amechagua.

La mwisho ni hili: nani mwenye haki ya kusema kwamba mlango u wazi? Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alikuwa na miaka 15 alipobuni nukta zake mwaka 1824. Shule yake ya Paris ilikuwa ikitumia herufi za kawaida zilizochongwa zikainuka, herufi ambazo walimu wanaoona walizitambua upesi na vidole vya wanafunzi vilizisoma kwa taabu. Nukta zilikubaliwa rasmi hapo mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake. Ni miaka 30 hiyo, katika shule iliyojengwa kwa ajili ya wasioona! Walimu wale hawakuwa watu wabaya. Walipima kitabu kwa macho yao wenyewe, wakaridhika.

Kijana wetu alichagua chuo cha tatu. Wajomba walinung'unika, mmoja akasema fedha ya ukoo imetupwa kwenye chuo kisichojulikana. Alimjibu kwamba chuo kile kilimwambia upungufu wake kabla hakijapokea fedha hiyo. Kwangu mimi hiyo ilikuwa hoja ya kutosha, maana anayekuonyesha shimo kabla hujapita amekuhesabu kuwa mtu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa una mtoto au ndugu asiyeona anayetafuta chuo cha namna hii, usikiulize chuo kama kinawapokea wasioona. Karibu vyote vitasema ndiyo. Omba somo moja mlijaribu kabla ya kulipa, tena mkae mkihesabu mara ngapi aliazima macho yako. Uliza mtihani unasimamiwaje. Uliza nini bado hakijakamilika. Kisha uliza ni nani asiyeona aliyekwisha kuhitimu pale, na kama mnaweza kuzungumza naye.