Ukipanda mlima, leta takbira

Ndugu Waislamu, katika Suratul Ghashiya Mwenyezi Mungu (SW) anatuhimiza tuitazame milima jinsi ilivyosimikwa. Sisi wa Mara hatuna udhuru. Musoma na Butiama mawe yamekaa mpaka milangoni mwa watu, na Bunda kuna Mlima Balili.

Majuzi niliupanda Balili pamoja na vijana. Upande huu Ziwa Victoria, upande ule nyika za Serengeti. Mara simu zikatoka, picha, kelele: "Nimeushinda mlima!" Umeushinda wapi, ndugu yangu? Umeukuta na utauacha. Jabir bin Abdillah (RA) amesimulia, katika Sahihi Bukhari, kwamba walipokuwa wakipanda mahali pa juu walileta takbira, na walipoteremka walileta tasbihi. Juu ndipo nafsi inapovimba, basi hapo hapo iambiwe nani Mkubwa.

Alasiri ikaingia, nasi maji yaliyobaki ni ya kunywa tu. Kijana mmoja akataka kutayamamu kwa kupangusa jiwe tupu. Nikamzuia, kwani kwa madhehebu yetu ya Shafii panatakiwa udongo safi wenye vumbi. Tukautafuta katika nyufa za mawe, tukaupata, tukaswali jamaa kileleni, simu zikiwa mifukoni.